Sharti la Mwalimu Gerlach

Mwalimu Gerlach alikuwa msomi, hilo silikatai. Nilikaa miaka mingi kwenye benchi la mbele yake, nikinusa kitunguu alichokula asubuhi, na naweza kushuhudia kwamba hapakuwa na kitabu katika mji wetu asichokisoma. Lakini usomi ni kitu kimoja na utu ni kitu kingine. Watu bado wananiuliza habari za Wigand na lile sharti. Kila mmoja huisimulia anavyotaka, na wapo wanaothubutu kusema kwamba Wigand alirukwa na akili. Mimi naitwa Hartung. Nililala naye chumba kimoja, nilikuwepo tangu mwanzo hadi mwisho, na nasema akili zake zilikuwa timamu kuliko za hao wote.

Wigand alikuwa mtoto wa watengeneza rangi. Mji wetu unaishi kwa rangi ile ya bluu inayotokana na majani yaliyosagwa na kuozeshwa, na ndiyo maana unanuka hivi unavyonuka. Alikuwa ameikoroga tangu utotoni, na hata baada ya kuvaa joho la shule kucha zake hazikutakata. Wenzetu watoto wa mabwana walimwita Kucha.

"Kucha, leo umeoga?" walimwuliza mlangoni.

"Nimeoga, bwana. Hiyo unayoisikia itakuwa harufu ya ukoo wenu."

Basi alikuwa hivyo, mdomo wake haukulala. Ndio uliomgombanisha na Gerlach.

Kwetu, kabla ya Krismasi, kuna siku ambayo mwalimu hukaa kwenye kiti cha juu na mtu yeyote huruhusiwa kumwuliza swali lolote. Walimu wenye busara siku hiyo hujifanya wagonjwa. Gerlach hakujifanya mgonjwa, kwa sababu alipenda kushangiliwa. Wigand akainuka.

"Bwana mwalimu, ukinifundisha jambo nikalielewa, ni nani anayejua kwamba nimelielewa? Ni wewe au ni mimi?"

"Ni mimi," Gerlach akajibu. "Kwani mtihani ni wa nini?"

"Na kama nimekariri tu, kama kunguru aliyefundishwa kusema? Majibu yatakuwa sahihi, nawe utasema nimeelewa. Ni mimi peke yangu nitakayejua kwamba sikuelewa kitu."

Tukapiga miguu sakafuni. Gerlach akainua mkono. "Kijana, unajidanganya. Macho yako yanakudanganya kila siku, sembuse hiyo roho usiyoiona."

"Ni kweli yananidanganya," Wigand akasema. "Fimbo ikiingizwa majini naiona imepinda, kumbe imenyooka. Lakini kwamba mimi *naiona* imepinda, hapo hanidanganyi mtu. Hilo silihitaji kufundishwa, na hakuna awezaye kuninyang'anya, hata aniletee baraza zima la maaskofu."

"Hiyo ndiyo njia waliyopita wazushi wote!" Gerlach sasa alikuwa amesimama. "Kila mmoja akijifanya shahidi wa roho yake, Kanisa litabaki na kazi gani? Jicho haliwezi kujiona lenyewe mpaka lipate kioo. Na mtu hajijui mpaka apate mwalimu. Mwalimu ndiye kioo!"

"Na kioo kikiwa kichafu, bwana mwalimu?"

Ukumbi ulicheka mpaka vumbi likaanguka kutoka darini. Nami nilicheka, tena kwa sauti. Nilipomtazama Gerlach nikaona hakukasirika kama mtu anayekasirika halafu basi. Alikuwa ameiweka ile hasira mahali pa kuihifadhi.

Aliitoa wakati wa Kwaresima.

Tuna mchezo shuleni, wa kunoa akili. Mwalimu humwekea mwanafunzi sharti, yaani sentensi ambayo wote wanajua ni ya uongo, kwa mfano, "Wewe ni punda." Mwanafunzi akisema "Nakubali," amefungwa. Kila atakaloulizwa lazima alijibu kana kwamba ile sentensi ni kweli, bila kujipinga hata mara moja. Mwalimu hujaribu kumtega, na ukumbi hufurahi. Mwishoni mwalimu husema, "Muda umekwisha," na mwanafunzi anakuwa mtu tena. Si mchezo wa kitoto. Siku tunayopokelewa shuleni tunaapa kwa Injili kushika kanuni zake, na kanuni mojawapo ni hii: aliyeweka sharti ndiye pekee anayeweza kuliondoa.

Gerlach alimwita Wigand mbele. "Sharti langu ni hili. Wewe Wigand hujui lolote lililomo rohoni mwako. Anayelijua ni mwalimu wako Gerlach peke yake."

Wigand akatabasamu. "Nakubali."

"Una furaha au huzuni?"

"Sijui, bwana mwalimu. Nina nini?"

Kicheko kidogo. Gerlach akaendelea. "Unanipenda au unanichukia?"

"Hilo unalijua wewe. Nami nina hamu ya... la, samahani, sijui kama nina hamu."

"Unakumbuka jina la mama yako?"

"Jina lake ni Irmel, liko katika daftari la ubatizo. Kama ninalikumbuka, sijui. Lakini mdomo wangu umelisema, na wewe umeusikia."

Alimzungusha hivyo muda mrefu, na kila mtego Wigand aliuruka. Ukumbi ukaanza kumcheka mwalimu. Hapo Gerlach akakusanya joho lake, akashuka kitini na kuelekea mlangoni. Tukadhani anatania. Msimamizi wa shule akamkumbusha, "Bwana mwalimu, hujasema muda umekwisha."

"Najua sijasema," Gerlach akajibu. "Akae nalo."

Akaenda zake.

Ilinichukua muda kuelewa ubaya wake, na nilipouelewa nilitaka kumfuata nimpige. Mtihani wa kofia ya ualimu ulikuwa karibu, kabla ya Jumapili ya Matawi. Katika mtihani ule mtahiniwa huapa, kwa ujuzi wa dhamiri yake, kwamba anaamini. Wigand angeapaje, naye amefungwa kusema hajui kilichomo ndani yake? Akilivunja sharti, amevunja kiapo cha shule na atafukuzwa. Akilishika, hawezi kuapa, na kofia ataikosa. Na kwetu anayeikosa kofia haitwi tena mtihanini. Angerudi kwenye mapipa ya rangi, pamoja na yote aliyojifunza.

Kesho yake Gerlach alitukuta uani, karibu na kisima. "Kucha, hujambo?"

"Sijui, bwana mwalimu. Unanionaje?"

"Nakuona uko shidani." Alisema kwa upole kabisa, na upole ule uliniudhi kuliko matusi. "Mimi si mtu mbaya. Simama ukumbini, useme kwamba yale uliyosema kabla ya Krismasi yalikuwa makosa, kwamba mtu hajijui ila kwa mwalimu wake. Useme kwa moyo, si kwa mchezo. Papo hapo nitakuondolea sharti. Unataka?"

"Kama ninataka au sitaki, wewe ndiye unayejua," Wigand akajibu. "Jiulize mwenyewe, kisha unipe habari."

Gerlach akaondoka bila kuaga.

Chumbani nilimkaripia. Nilimwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kwamba kusema sentensi moja hakujapata kumwua mtu. Nikapandisha sauti. "Basi niambie mimi! Mimi ni rafiki yako, na mlango umefungwa. Niambie tu unaogopa au huogopi!"

"Sharti halijui milango, Hartung. Ama linafunga, ama halifungi."

Uso wake ulikuwa umelowa. Nikamwuliza taratibu kama analia.

Akajigusa shavuni kwa kidole chake cha bluu, akakitazama. "Kuna maji," akasema. "Hilo naliona. Kama ni kilio, sijui."

Sikumsumbua tena. Nilikuwa nimedhani anafanya ukaidi wa kitoto. Pale nikaona kwamba ameamua kulibeba sharti lile hadharani, kila mahali, mpaka kila mtu aone lilivyo: mtu mzima asiyeruhusiwa kujua kama analia. Nilimwonea huruma, na nilijivunia kumjua.

Tulikuwa tunapanga kwa Mama Jutta, mjane mwenye mikono minene na subira nyembamba. Jioni ile alipakua supu ya njegere, akamwuliza Wigand kama anakula.

"Sijui kama nina njaa, mama. Mwalimu Gerlach anajua."

"Unanifanyia mzaha, wewe? Supu nimeipika tangu mchana!"

Nikamweleza habari nzima. Alisikiliza akiwa ameshika upawa, na kadiri nilivyoeleza ndivyo upawa ulivyopanda juu. "Yaani tumbo lake, lakini njaa anaijua Gerlach?" akasema. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake! Huyo mwalimu kalala lini kwenye tumbo la huyu kijana?"

Akatoka na upawa wake, akashuka mtaani hadi kwa Gerlach, nami nyuma yake. Aligonga mlango mpaka majirani wakafungua madirisha.

"Bwana mwalimu! Kijana wako ana njaa au hana? Supu inapoa!"

Gerlach akachungulia juu. "Mwanamke, una wazimu? Mpe ale!"

"Kwa hiyo ana njaa?"

"Nitajuaje mimi?"

"Nimeambiwa unajua! Na kitunguu nimwekee, nisimwekee? Anapenda au hapendi? Usinifiche, bwana, mimi sikusoma!"

Mtaa mzima ulikuwa ukicheka. Gerlach alifunga dirisha kwa kishindo, lakini alikuwa amechelewa. Kinyozi, ambaye kwetu hung'oa pia meno, alisimama chini ya dirisha lile akiuliza jino la Wigand linalouma ni la kushoto au la kulia. Wasichana wa kisimani wakamwuliza Gerlach sokoni, alipokuwa akichagua samaki wa chumvi, kama Wigand anampenda mwenzao Gisela au dada yake. Watengeneza rangi, watu wa kwao Wigand, walimvulia Gerlach kofia kila alipopita na kumwomba awasalimie roho zao. Angeweza kuyamaliza yote kwa maneno mawili. Hakuyasema. Alingoja mtihani, na mimi nilijua anangoja.

Siku ikafika. Kansela wetu wakati ule alikuwa mzee Volkmar, kasisi wa kanisa kuu, mwenye mguu uliovimba ambao daima aliuweka juu ya kigoda. Kofia ya ualimu ilikuwa mezani mbele yake. Walimu walikaa kando ya kuta zote mbili, Gerlach akiwa wa kwanza kulia, na sisi tulijazana nyuma mpaka mlangoni.

Maswali ya vitabuni Wigand aliyajibu yote. Vitabu haviko rohoni mwa mtu, kwa hiyo sharti halikumgusa hapo, na alijibu vizuri mpaka Kansela akasahau mguu wake. Kisha ikaja zamu ya kiapo.

"Wigand, unaapa, kwa ujuzi wa dhamiri yako, kwamba unaamini yote ambayo Kanisa linatufundisha?"

Niliona mgongo wake ukinyooka. Hilo halikuwa swali la supu. Watu wamechomwa moto kwa jibu baya la swali lile.

"Mheshimiwa Kansela," akasema, na sauti yake ilitetemeka kidogo, "niko chini ya sharti lililowekwa kwa kanuni za shule hii, na halijaondolewa. Kwa sharti hilo, sijui lililomo rohoni mwangu. Anayelijua ni Mwalimu Gerlach peke yake. Naomba aulizwe yeye."

Gerlach alikuwa akitabasamu. "Mmesikia wenyewe, waheshimiwa. Hawezi kuapa."

"Nimesikia," Kansela akasema. Alikuwa mtu wa pole pole, na wasiomjua walidhani ni mzito wa akili. "Basi jibu wewe. Anaamini?"

"Mimi?"

"Si ndiwe unayejua?"

"Nadhani... kwa jinsi nionavyo, anaamini."

"Sikuuliza unadhani nini. Roho ya kijana huyu unaijua au huijui? Fikiri vizuri, mwalimu. Mimi nilifundishwa nikiwa mdogo kwamba ajuaye mioyo ni Mungu peke yake. Ukiniambia nawe unaijua, itabidi nikuulize maswali mengine, na hayo hatuyaulizi katika chumba hiki."

Tabasamu lilitoka usoni mwa Gerlach. Alitazama kulia, hakuna aliyemsaidia. Alitazama kushoto, hivyo hivyo. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

"Siijui," akasema.

"Huijui. Na yeye kwa sharti lako haijui. Basi hakuna anayeijua katika dunia hii, na sisi tumekaa hapa tunamtahini nani?" Kansela akapiga meza. "Uondoe upuuzi wako!"

"Muda umekwisha," Gerlach akaviambia viatu vyake.

"Mguu wangu ndio mgonjwa, si masikio, lakini hata hivyo sikusikia!"

"Muda umekwisha!"

Tulipiga kelele ambazo sijazisikia tena ukumbini mle. Wigand alifumba macho akashusha pumzi ndefu. Kansela alirudia swali lake, na Wigand akaweka mkono juu ya Injili, akasema, "Naapa. Naamini, na ninajua kwamba naamini." Mimi nilikuwa nimeshaanza kuwakumbatia watu nisiowajua.

Kumbe nilifurahi mapema. Walimu waliinamiana vichwa, wakanong'ona muda mrefu, na Gerlach ndiye aliyenong'ona zaidi. Hatimaye Kansela akamwita Wigand karibu, akasema naye kama baba na mwana.

"Mwanangu, umemshinda. Lakini usimvue nguo. Shule haiendi ikiwa walimu wanachekwa na wapika supu. Wenzake wanataka kitu kidogo cha kuponya heshima, nami naona ni haki. Sema sentensi yake mara moja, hapa mbele ya wote: mtu hajui yaliyomo rohoni mwake ila kwa mwalimu wake. Ukiisema, nakuvika kofia sasa hivi. Siku zote hizi umekuwa ukiisema mtaa hadi mtaa. Mara moja zaidi itakuumiza nini?"

Kofia ilikuwa karibu kiasi kwamba angenyoosha mkono tu. Nilimwomba kimoyomoyo aseme. Naam, niliomba hivyo, na nani asingeomba? Niliwaza mapipa, uvundo, mgongo wa baba yake uliopinda. Wigand aliitazama kofia. Kisha akatazama kucha zake.

"Mheshimiwa," akasema, "siku zile zote nilikuwa mchezoni, na kila mtu alijua ni mchezo. Ndiyo maana haikuwa uongo. Leo muda umekwisha. Nikiisema leo, anayesema ni mimi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo siisemi. Ninajua. Mkinivika kofia ninajua, mkininyima ninajua. Hata ningetaka nisijue, siwezi, maana nikijaribu kujisahaulisha nitajiona ninavyojaribu." Akamgeukia Gerlach, na sasa sauti haikutetemeka hata chembe. "Nguo ya kuazima haisitiri matako, bwana mwalimu. Ujuzi wa kuazima nao ni hivyo hivyo. Hiyo kofia mpeni anayeweza kuivaa bila kichwa."

Hakuna aliyepiga miguu. Kansela akaivuta kofia upande wake wa meza, taratibu, kama mtu anayeondoa sahani ya mgeni asiyekula. Nadhani alisikitika. Sikumsamehe kwa kusikitika kwake.

Wigand akainama kwa heshima, akavua joho, akalikunja vizuri na kuliacha juu ya benchi. Tulitoka pamoja. Njia nzima nilikuwa nikitukana: Gerlach, Kansela, shule, na mwisho Wigand mwenyewe. Yeye alitembea tu, akiyatazama maduka na watu kana kwamba alikuwa amerudi kutoka safari.

Mama Jutta alikuwa mlangoni na upawa wake. Alimwona Wigand bila joho, akanitazama mimi, nami nikatikisa kichwa. Hakuuliza habari za kofia. Alimwuliza swali moja tu, na nilijua analiogopa jibu lake.

"Una njaa, mwanangu?"

"Nina njaa, mama," Wigand akasema. "Nina njaa sana. Na kitunguu uweke. Nakipenda."